Fundi Saa, Saa Kuukuu na Mwanga wa Shinkolobwe

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na bila shaka katika nyumba za wasomaji wetu walioko Bujumbura, Kigali na Kampala, imo sandukuni saa ya mkono ambayo haiendi tena. Ilikuwa ya baba au ya babu. Aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, au alipewa siku alipostaafu, akaivaa mpaka mkanda ukaoza na kioo kikapoteza wangavu. Siku moja mjukuu huikumbuka akaipeleka kwa fundi, na fundi, baada ya kuitikisa sikioni, humwuliza: wataka iende tu, au wataka irudi kama ilivyokuwa siku ilipotoka dukani?

Swali hilo laonekana dogo, lakini lina historia ndefu nyuma yake. Makala haya yanakusudia kuieleza, kwanza kwa kufuata mkono wa fundi anavyoifungua saa, na pili kwa kusimama kitambo juu ya jambo moja linalotuhusu sisi wa Katanga kuliko watu wengine, yaani ule mwanga wa kijani uliokuwa ukimeremeta usiku juu ya nyuso za saa za zamani.

Kabla hatujafungua mfuniko, yafaa tukumbushane maneno, maana wanafunzi wetu wanayapoteza upesi. Saa ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, nalo hubeba maana mbili, kipimo cha wakati na chombo kinachokipima. Mishale ya saa huitwa pia akrabu, na kwa Kiarabu akrabu ni nge. Aliyeufananisha mshale huo mwembamba na mkia wa nge alikuwa na jicho la mshairi. Utepe wa chuma unaoviringishwa ndani na kuiendesha saa huitwa kamani. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya upinde, na kwa kweli kazi ya kamani ni kazi ya upinde: hukazwa kwa nguvu za mtu, ikazihifadhi, kisha ikazitoa. Tendo la kuikaza tunaliita kutia ufunguo, ijapokuwa saa ya mkono haina ufunguo wowote. Msemo huo ulibaki tangu siku za saa kubwa na saa za mfukoni zilizokuwa zikikazwa kwa ufunguo hasa. Na nukta ilikuwa jina zuri la kile ambacho leo kila mtu hukiita sekunde. Sitaki kugombana na sekunde, lakini nasikitika kila nionapo kamusi ya shule isiyo na kamani.

Saa ya kuchukuliwa mwilini ilianza Ulaya mapema katika karne ya 16. Jina linalotajwa zaidi ni la Peter Henlein wa Nuremberg, Ujerumani, ambaye alikuwa fundi wa makufuli. Saa za wakati ule zilikuwa na akrabu moja tu, ya saa, kwa kuwa hapakuwa na haja ya kuonyesha dakika katika chombo kilichopotoka kwa muda mrefu kila siku. Kamani yake ilivuta kwa nguvu asubuhi, ikalegea jioni, na gurudumu la kupimia mwendo halikuwa na kitu cha kulirudisha mahali pake kwa kawaida moja. Dawa ilipatikana mwaka 1675, Mholanzi Christiaan Huygens alipotangaza kamani ndogo yenye umbo la konokono, iliyofungwa kwenye gurudumu la mizani ili kulivuta na kulirudisha. Mwingereza Robert Hooke alidai kwamba wazo hilo alikuwa nalo kabla yake, na ugomvi wao haukwisha vizuri. Vyovyote iwavyo, tangu hapo makosa ya saa yalipungua hadi kuhesabiwa kwa dakika, na akrabu ya dakika ikapata sababu ya kuwapo.

Karne iliyofuata ilikuwa ya mabaharia. John Harrison, Mwingereza aliyeanza maisha kama seremala, alimaliza mwaka 1759 saa yake ya nne ya baharini, kubwa kidogo kuliko saa ya mfukoni. Ilipopelekwa Jamaica kwa merikebu mwaka 1761, ilipotea nukta 5 tu katika siku 81. Karibu na wakati huohuo, yapata mwaka 1755, Thomas Mudge wa London alibuni ile njia ya kuliachia gurudumu jino moja moja ambayo, pamoja na marekebisho ya baadaye, ndiyo iliyomo ndani ya saa ya babu sandukuni. Hayo nayataja upesi, kwani tutakutana nayo tena mezani kwa fundi.

Saa ya mkono yenyewe ilichelewa kuheshimiwa. Kwa muda mrefu ilikuwa pambo la wanawake, bangili yenye saa, na mwanamume wa Ulaya aliona haya kuivaa. Vita ndivyo vilivyobadili desturi hiyo. Katika vita vya Waingereza na Makaburu vya mwaka 1899 hadi 1902 askari walianza kuzifunga saa zao za mfukoni mkononi kwa kanda za ngozi, na katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, askari aliyelala ndani ya handaki akingoja dakika ya kushambulia hakuweza kupekua mfukoni. Alihitaji saa iliyo wazi mkononi, na aisome gizani bila kuwasha kiberiti. Sharti hilo la pili, la kusomeka gizani, ndilo litakaloturudisha Katanga.

Sasa tumtazame fundi. Meza yake kwa kawaida ni ndogo, ina ukingo ili visikurubu visidondoke, na juu yake pana bisibisi nyembamba, vibano, brashi, vijiti vya mti laini na kioo cha kukuzia ambacho hukibana jichoni. Akishaufungua mfuniko wa nyuma, fundi mwenye adabu hasogezi skurubu yoyote kabla ya kuisoma ile nafasi ya ndani ya mfuniko. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kukwaruza humo, kwa ncha ya sindano, alama yao na tarehe waliyoisafisha saa. Ukiitazama saa iliyotumika miaka 40, huenda ukakuta alama nne au tano, kila moja kwa mkono wake. Kwa mtu apendaye historia hiyo ni hati, tena hati isiyo na uongo, maana iliandikwa na watu ambao hawakutazamia kusomwa na yeyote isipokuwa fundi mwenzao. Nimewahi kuona mtu akiisugua sehemu hiyo kwa dawa ya kung'arishia hadi ikawa nyeupe kama kijiko, akidhani anafanya wema.

Jambo la pili ni kuitoa kamani nguvu zake. Fundi huishika ile ndoana inayoizuia isirudi nyuma, akaiachia kamani ilegee taratibu chini ya kidole chake. Akisahau, akaondoa daraja linaloyashika magurudumu huku kamani ingali imekaza, magurudumu hayo huzunguka ghafula kwa kasi kubwa, na ncha zake hukatika. Hapo saa iliyokuwa chafu tu imekuwa saa mbovu.

Kisha huondoa akrabu na uso wa saa. Tuuweke uso kando, tutaurudia. Chini yake na upande wa pili ndiko kuliko mtambo wenyewe, na utaratibu wake si mgumu kuueleza darasani. Kamani kuu imo ndani ya kipipa chenye meno pembeni. Kipipa hulisukuma gurudumu la kati, linalozunguka mara moja kwa saa. Gurudumu hilo husukuma la tatu, la tatu husukuma la nne, ambalo huzunguka mara moja kwa dakika na aghalabu ndilo libebalo akrabu ya nukta. La mwisho ni gurudumu la kuachia, lenye meno 15 yaliyochongoka kwa namna ya pekee. Lau mambo yangeishia hapo, kamani ingejimaliza yote kwa muda mfupi mno. Basi pamewekwa kipande chenye mikono miwili ambacho kwa Kifaransa huitwa nanga, nami naliona jina hilo linafaa kwa Kiswahili pia. Nanga hulizuia jino, huliachia, hulizuia lingine, na kila inapoachia hulipiga kidogo gurudumu la mizani ili lisichoke. Gurudumu la mizani nalo, likivutwa na kamani ndogo ya Huygens, huenda na kurudi na kuiamuru nanga. Sauti ya saa tunayoisikia ni sauti ya nanga ikigongana na meno.

Katika saa nyingi za katikati ya karne ya 20, gurudumu la mizani huyumba mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kwa nukta. Kwa siku ni mara 432,000, na kwa mwaka zaidi ya milioni 157. Ncha zinazobeba mzigo huo zina unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, au chini ya hapo. Sijui mashine nyingine nyumbani inayofanya kazi hivyo bila kupumzika, nasi tunashangaa ikidai kusafishwa baada ya miaka minne au mitano!

Ncha hizo zisingedumu kama zingezunguka ndani ya shaba tupu. Mwaka 1704, jijini London, Mswisi Nicolas Fatio de Duillier pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Debaufre walipata hati ya haki ya kutoboa vito na kuvitumia kama vitundu vya kushikilia ncha za magurudumu. Kwa karibu miaka 200 vito hivyo vilikuwa mawe ya kweli, na ghali. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake ya kuyeyusha unga kwenye mwali wa moto na kutengeneza yakuti nyekundu isiyochimbwa popote. Ndiyo maana yale maneno yaliyoandikwa usoni, kwamba saa hii ina vito 17, yasimtie mtu tamaa ya kuzivunja. Vito vyote 17 havinunui hata mkate mmoja.

Kila kipande huoshwa kwa benzini safi, na vitundu vya vito husuguliwa kwa kijiti cha mti kilichochongwa mpaka kitoke kikiwa hakina weusi. Kinachotoka humo ni mafuta yaliyokauka yakawa kama gundi, na hayo pia yana historia yake. Mafuta bora ya saa ya zamani yalitoka baharini. Huko New Bedford, Marekani, nyumba ya biashara ya William F. Nye iliyapata kutoka katika taya na vichwa vya pomboo, kwa sababu yalikuwa mepesi na hayakuganda upesi kwenye baridi. Siku hizi hutumika mafuta yanayotengenezwa viwandani, ambayo hayakauki haraka wala hayahitaji pomboo afe. Lakini kanuni ya kuyatia haijabadilika: kidogo, tena kidogo sana. Ncha za magurudumu yaendayo kasi hupewa mafuta mepesi. Sehemu za kutilia ufunguo, ambazo hubeba nguvu nyingi, hupewa mafuta mazito. Mawe ya nanga hupewa tone lisiloonekana vizuri kwa jicho tupu, na ncha za nanga yenyewe hazipewi kitu. Fundi mbaya hujulikana kwa ukarimu wake wa mafuta.

Baada ya kuirudisha saa pamoja, fundi hupima mwendo wake ikiwa imelala na ikiwa imesimama, kwa sababu uzito hulivuta gurudumu la mizani kwa namna tofauti katika kila hali. Iwapo yakimbia kwa dakika nyingi kwa siku, jambo la kwanza la kushuku ni sumaku. Kamani ndogo iliyokaa karibu na spika ya redio huvutwa na sumaku, mizunguko yake hugandamana, ikawa kana kwamba imefupishwa. Na joto? Hilo lilikuwa tatizo kubwa zaidi, hasa kwa nchi zetu, kwani chuma cha kawaida kikipata joto hulegea, na saa huchelewa. Aliyelitatua ni Charles Édouard Guillaume, mwana wa fundi saa wa Fleurier, Uswisi, aliyegundua mwaka 1896 mchanganyiko wa chuma na nikeli ambao karibu hautanuki kwa joto, na baadaye mchanganyiko mwingine usiolegea. Mwaka 1920 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ni fahari kwa mafundi saa wote, ingawa wengi wao hawajapata kulisikia jina lake.

Sasa tuuchukue ule uso tulioweka kando. Kama saa ni ya miaka ya 1920 hadi 1950 na tarakimu zake zimepakwa rangi nene ya hudhurungi au ya manjano iliyochakaa, inatubidi tuwe waangalifu, kwa sababu huenda rangi hiyo ni radiamu.

Radiamu iligunduliwa Paris mwezi wa Desemba 1898 na Marie Curie pamoja na mumewe Pierre, katika madini yaliyoletwa kutoka Joachimsthal, Bohemia. Haikupita miaka mingi kabla ya watu kufahamu kwamba ukiichanganya na salfaidi ya zinki na gundi, unapata rangi inayong'aa yenyewe gizani. Miale ya radiamu hugonga chembe za zinki, nazo hutoa mwanga. Vita vya 1914 vilipoleta haja ya saa zisomekazo usiku, rangi hiyo ikawa biashara kubwa.

Nyuso za saa zilipakwa kwa mkono, na mikono hiyo ilikuwa ya wasichana. Huko Orange, New Jersey, kiwanda kilichokuja kuitwa United States Radium Corporation kiliwaajiri tangu mwaka 1917. Walilipwa kwa idadi ya nyuso walizomaliza, na ili kupata ncha nyembamba ya kuchora tarakimu walifundishwa kuichongoa brashi kwa midomo. Waliambiwa kwamba haina madhara. Waliirudia mara nyingi kwa siku, na kila mara walimeza kidogo. Lakini mwili hauwezi kupambanua radiamu na chokaa ya maziwa. Huipeleka mifupani, nayo hukaa humo ikiiunguza mifupa kutoka ndani. Meno yao yaling'oka, mataya yao yakaoza. Daktari wa serikali Harrison Martland alithibitisha chanzo chake mwaka 1925. Wanawake watano, Grace Fryer, Katherine Schaub, Edna Hussman na ndugu wawili Quinta McDonald na Albina Larice, walilishtaki shirika hilo, na mwezi wa Juni 1928 wakakubaliana nalo nje ya mahakama kwa dola 10,000 kila mmoja pamoja na dola 600 kwa mwaka. Mwaka huohuo alikufa Sabin von Sochocky, aliyeibuni rangi ya kiwanda hicho, kwa ugonjwa ulioletwa na radiamu yake mwenyewe. Huko Ottawa, jimbo la Illinois, mfanyakazi mwingine, Catherine Donohue, aliishinda kampuni yake mwaka 1938 akiwa hawezi tena kuinuka. Sehemu ya kesi ilisikilizwa nyumbani kwake, na mwaka uohuo akafariki.

Yafaa kutochanganya mambo hapa. Radiamu ya miaka ya kwanza ya Orange ilitoka katika mawe ya Colorado na Utah, Marekani kwenyewe. Ila mawe hayo yalikuwa maskini. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp, akiifanyia kazi kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, aliona huko Shinkolobwe, karibu na mji uitwao sasa Likasi, madini ya uraniamu yenye utajiri usiokuwa na kifani. Machimbo yalianza kazi mwaka 1921. Mawe yalipelekwa kwa reli na meli hadi Ubelgiji, na mwaka 1922 kiwanda cha Olen kikaanza kutoa radiamu kutoka ndani yake. Bei ya radiamu duniani ikaanguka. Wamarekani wakaona hakuna faida tena kuchimba mawe yao, wakafunga machimbo. Kwa miaka kumi iliyofuata, mpaka Kanada ilipoingia sokoni na madini ya Great Bear Lake, sehemu kubwa ya radiamu iliyouzwa ulimwenguni ilitoka katika shimo moja la Katanga.

Hesabu yake ni hii. Katika kila tani 3 hivi za uraniamu iliyomo ardhini mna gramu 1 ya radiamu. Uso mmoja wa saa huhitaji kiasi cha sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni, na aghalabu chini ya hapo. Basi gramu moja iling'arisha nyuso zaidi ya milioni. Mtu wa London au wa Geneva aliyetazama saa yake usiku wa manane mwaka 1930 alikuwa akitazama jiwe la Katanga, jiwe lililochambuliwa kwa mikono na wachimbaji wetu waliosema Kiswahili hikihiki tunachofundisha, ambao hakuna aliyewapima mifupa yao. Majina ya wanawake watano wa New Jersey yamo vitabuni, na ni haki yawemo. Nimeyasoma masimulizi mengi ya historia ya saa, ya Kifaransa na ya Kiingereza, na sikumbuki hata moja lililotaja jina la mchimbaji wa Shinkolobwe.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo, yenye oksidi ya uraniamu kiasi cha asilimia 65, na sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe. Machimbo yalifungwa mwaka 1960 na mashimo yakajazwa saruji. Hata hivyo watu waliendelea kuchimba kobalti juu yake kwa majembe. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2004, na mwezi wa Julai mwaka huohuo shimo likawaangukia na kuwaua baadhi yao.

Sasa tumrudie fundi, maana habari hizi si za kale kwake. Uso wa saa wa mwaka 1930 mara nyingi haung'ai tena, na wengi hudhani kwamba dawa yake imekufa. Sivyo. Kilichokufa ni zinki, ambayo chembe zake huchakaa kwa kugongwa miaka mingi. Radiamu yenyewe hupungua kwa nusu baada ya miaka 1,600. Hivyo karibu yote iliyopakwa siku ile ingali ipo. Ikiwa chini ya kioo kilichofungwa vizuri, hatari yake kwa mvaaji ni ndogo. Hatari iko pale fundi anapoikwangua. Rangi kuukuu huwa kavu kama chaki, huvunjika ikawa vumbi, na vumbi hilo likivutwa puani au likishikwa na kidole kinacholamba, hufuata njia ileile ya wasichana wa Orange. Nimewaona mafundi sokoni wakipuliza uso wa saa kwa mdomo ili kuondoa vumbi. Hawana kosa, hakuna aliyewaambia. Walimu wenye wanafunzi wanaojifunza ufundi huo wanaweza kuwaambia.

Baada ya mwaka 1960 radiamu iliachwa, pakatumika tritiamu, ambayo ni dhaifu zaidi na hupungua kwa nusu katika miaka 12 hivi. Saa za Uswisi za wakati huo huonyesha herufi T mbili chini ya uso, kandokando ya neno Swiss. Tangu miaka ya 1990 hutumika rangi ya Kijapani isiyo na miale kabisa, inayokunywa mwanga wa mchana na kuutoa usiku. Hapo ndipo linaporudi lile swali la mwanzo: iende tu, au irudi kama mpya?

Ushauri wa watu wengi ni kuupaka uso upya, kuing'arisha kasha mpaka kingo zake zipotee, na kubadili akrabu. Mimi naliona jambo hilo kuwa sawa na kuifuta hati ya kale ili kuiandika upya kwa mwandiko mzuri. Saa ya mtambo haihitaji tena kushindania usahihi. Ushindani huo ulikwisha tarehe 25 Desemba 1969, Seiko walipouza Tokyo saa ya kwanza ya mkono inayoongozwa na kioo cha kwatzi, kwa yeni 450,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 wafanyakazi wa saa wa Uswisi, waliokuwa takriban 90,000 mwaka 1970, walikuwa wamebaki kama theluthi moja. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza ufundi wa saa za mtambo wa Uswisi na Ufaransa katika orodha ya urithi wa wanadamu, na jambo likiitwa urithi huwa limekwisha kuwa adimu. Anayetaka wakati sahihi ana simu mfukoni. Anayemletea fundi saa ya babu anataka kitu kingine, na kitu hicho kimo katika kasoro zile hasa tunazoharakisha kuzifuta.

Kwa hiyo mtambo na usafishwe wote, kwa maana uchafu unaula, na kamani iliyochoka ibadilishwe bila huruma. Kasha lioshwe, lisisuguliwe. Alama za mafundi waliotangulia ziachwe, na fundi wa leo aongeze yake, pamoja na tarehe. Uso wenye radiamu usikwanguliwe wala usipulizwe. Uondolewe kwa kibano, uwekwe ndani ya kijaluba chenye mfuniko wakati mtambo unaposafishwa, kisha urudishwe jinsi ulivyo. Akrabu zilizobanduka rangi zisifagiliwe kwa brashi. Meza ifutwe kwa kitambaa kilicholowana, kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa, na mikono inawiwe kabla ya kugusa chakula. Saa hiyo isiwekwe karibu na kitanda cha mtoto, wala saa nyingi za namna hiyo zisirundikwe katika chumba kisichopitisha hewa, kwa sababu radiamu hutoa gesi. Kisha saa itiwe ufunguo asubuhi, saa ileile kila siku, mpaka kidole kihisi kuwa kamani imegoma, na hapo kisimame.